Bunduki Kuukuu za Ulaya na Bei Zake Unguja na Maskati

Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani ulitiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833, sawa na mwezi 6 Jumada al-Ula 1249. Wengi wetu tunaukumbuka kwa sababu ya nguo za merikani na pembe za ndovu. Hapa tunataka kuanza na sharti moja dogo lililomo ndani yake ambalo wasomaji wa historia hulipita haraka. Wamarekani waliruhusiwa kuuza bidhaa zao kwa yeyote wamtakaye, isipokuwa bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja. Hapo Unguja vitu hivyo viliweza kuuzwa kwa Serikali peke yake. Katika bandari nyingine zote za Sayyid viliuzwa bila ya kizuizi, kwa mwenye kutoa bei kubwa zaidi.

Wakati ule Sayyid Said alikuwa bado hajamalizana na Mazrui wa Mombasa, na hakuwamaliza mpaka 1837. Mtawala mwenye vita mlangoni hawezi kuacha baruti iuzwe barazani kwake kama mchele. Lakini sharti hilo linatufundisha jambo kubwa zaidi ya vita vya Mombasa. Tangu karatasi ya mwanzo kabisa, bei ya bunduki katika nchi zetu haikupangwa na muuzaji na mnunuzi peke yao. Alikuwapo mtu wa tatu, naye ni yule aliyeshika ufunguo wa bandari. Tukifuata bei za bunduki kwa miaka 80 iliyofuata, kutoka Unguja hadi Maskati, tutamkuta mtu huyo kila mahali. Ila si mtu mmoja siku zote.

Kwanza tuseme ni bunduki gani hizo. Karibu zote zilikuwa silaha zilizotoka katika majeshi ya Ulaya, au zilizotengenezwa kwa kuigiza hizo. Jeshi likibadilisha bunduki, ile ya zamani haitupwi. Huuzwa kwa mizani, kwa maelfu, kwa bei ya chini kabisa. Na karne ya 19 ilikuwa karne ya kubadilisha. Baada ya vita vya Napoleon kumalizika 1815 mabohari ya Ulaya yalijaa magobori ya gumegume. Kufika miaka ya 1840 majeshi yakahamia kwenye fataki. Mwaka 1866 Waingereza wakaanza kutumia Snider, inayotiwa risasi nyuma badala ya mdomoni, na mwaka huohuo Wafaransa wakachukua Chassepot. Mwaka 1871 Waingereza wakaiacha Snider wakashika Martini-Henry, na Wajerumani wakashika Mauser. Wafaransa wakaja na Gras 1874, kisha Lebel 1886. Waingereza wakaja na Lee-Metford 1888. Kila jina katika orodha hii maana yake ni shehena nyingine ya bunduki nzima, zisizo na kasoro, ambazo ghafla hazina mwenyewe. Mafundi wa Liège, huko Ubelgiji, walikuwa na kazi ya kudumu ya kuzinunua, kuzisafisha na kuzipeleka katika masoko ya Afrika.

Hata serikali zenyewe zilitoa zawadi kwa mtindo huu. Mwaka 1877, Sayyid Barghash alipomkabidhi Luteni Lloyd Mathews kazi ya kuunda jeshi la kisasa, Serikali ya Uingereza ilimpa Sayyid bunduki 500 za Snider. Ni zawadi, na Sayyid aliipokea kwa heshima. Lakini wakati huo Snider ilikuwa imeshaachwa rasmi na jeshi la Uingereza kwa miaka sita.

Gobori lililoshushwa forodhani Unguja kwa riale chache halikubaki na bei hiyo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, na gobori moja lina uzito wa ratili kumi au karibu yake. Kwa hiyo mpagazi mmoja hubeba bunduki saba, na safari ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni ya miezi. Njiani kuna posho ya chakula, kuna hongo kwa kila mtemi, kuna mizigo inayopotea na wapagazi wanaotoroka. Kila hatua iliongeza bei. Na kadiri msafara ulivyokwenda mbali, bei iliacha kuhesabiwa kwa riale. Ilihesabiwa kwa pembe, na ilihesabiwa kwa watu.

Hili la watu lazima tulitaje. Jamaa zetu wengi wanapozungumza juu ya misafara ya bara huzungumza juu ya pembe na ujasiri, na bunduki huonekana kama chombo cha kujilinda tu. Bunduki ilikuwa ulinzi, ndiyo, lakini ilikuwa pia fedha, na ilikuwa chombo cha kuwapata wale ambao bei yao ililipwa kwa bunduki nyingine. Mirambo wa Unyamwezi alilielewa hili vizuri kama walivyolielewa Waarabu wa Tabora aliopigana nao kuanzia 1871. Mwenye magobori mengi aliweza kuikamata njia, na mwenye njia aliweza kununua magobori mengi zaidi.

Kufika miaka ya 1880 mambo yalikwenda mbio. Ulaya ilikuwa imebadilisha silaha mara mbili katika muda wa miaka ishirini, na bunduki za kutia risasi nyuma, ambazo zamani bara zilikuwa mali ya wakubwa, zikaanza kushuka bei na kuenea. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Kanali Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba silaha zinazoingia Afrika Mashariki kwa mwaka zinafika baina ya 80,000 na 100,000. Alikuwa na sababu zake za kukuza hesabu, maana alitaka biashara hiyo ifungwe. Hata hivyo, tukiipunguza kwa nusu bado ni nyingi. Jambo lililomtisha ni kwamba bei ilikuwa imeshuka kiasi cha kumwezesha mtu wa kawaida kununua bunduki nzuri, wakati uleule Wazungu walipokuwa wakijitayarisha kuchukua nchi.

Mwaka huohuo watu wa Mrima wakasimama pamoja na Abushiri bin Salim dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Tarehe 2 Desemba 1888 manowari za Wajerumani na Waingereza zikaziba pwani: silaha zisiingie, watumwa wasitoke. Kilichofuata ni sheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipitisha mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa, na ndani yake mkawekwa vifungu vya silaha. Afrika ilichorewa mistari miwili, nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, kutoka bahari ya Atlantiki hadi bahari ya Hindi, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za baharini kutoka pwani. Ndani ya mistari hiyo bunduki za kisasa zilikatazwa kuingia, isipokuwa kwa ruhusa ya serikali. Silaha zote zinazoingia ziwekwe katika bohari la serikali, zitiwe alama na kuandikwa. Za kuuzwa kwa watu ni zile za gumegume tu, zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida.

Sheria hii iliigawa bei mara mbili. Gobori la gumegume liliendelea kuwa rahisi, kwa kuwa liliruhusiwa na kwa kuwa halikumtisha tena mtu. Bunduki ya kutia risasi nyuma ikawa ghali, na risasi zake za ganda la shaba, ambazo fundi wa kijijini hawezi kuzitengeneza kwa urahisi, zikawa ghali zaidi. Aliyekuwa na Snider bila ya risasi alikuwa na fimbo ya chuma. Sheria iliyopitishwa kwa jina la kuwakomboa watumwa iliwakuta Wajerumani na Waingereza wakiwa na bunduki za kisasa na wengine wote wakiwa na magobori, na ikahakikisha kwamba hali inabaki hivyo. Hatusemi kwamba utumwa haukuwa sababu. Ulikuwa sababu ya kweli. Tunasema kwamba kulikuwa na sababu mbili ndani ya karatasi moja.

Shehena za Ulaya, lakini, hazikukoma kwa sababu Brussels imechora mistari. Mwaka 1888 ndiyo kwanza Waingereza walikuwa wameanza kuzitoa Martini-Henry jeshini. Zilihitaji bandari. Maskati ipo Asia, tena kaskazini ya nyuzi 23, kwa hiyo mkataba haukuigusa kwa upande wowote.

Na Maskati ilihitaji fedha. Wasomaji wetu wanajua hukumu ya Lord Canning ya 1861 iliyotenganisha Unguja na Maskati na kuitaka Unguja ilipe riale 40,000 kila mwaka. Baadaye malipo hayo yakachukuliwa na Serikali ya India, yakawa rupia 86,400 kwa mwaka. Sayyid Faisal bin Turki, aliyetawala kuanzia 1888, alirithi nchi iliyopoteza karafuu na pembe za Afrika na ambayo meli za moshi zilikuwa zimeua sehemu kubwa ya biashara ya majahazi yake. Alikuwa na ushuru wa forodha wa asilimia 5. Bunduki zikaja, na kila kasha lililopita forodhani lilimwachia sehemu yake. Mtu asimlaumu kwa kuipokea ruzuku ya Unguja kwa mkono mmoja na ushuru wa silaha kwa mkono wa pili. Alichokikosa katika mkono wa kwanza ndicho kilichoupeleka ule wa pili.

Biashara yenyewe ilikuwa ya wazi. Makasha yalitoka Birmingham, Liège na Ufaransa kwa meli za kawaida, yakashushwa mchana, yakalipiwa ushuru, yakaingia katika maghala ya Wabaniani na Wazungu. Kampuni ya Kiingereza ya Fracis, Times ilikuwa miongoni mwa wakubwa wa mwanzo. Mwaka 1899 akaja Mfaransa Antonin Goguyer, mjuzi wa Kiarabu, akajenga biashara yake chini ya kivuli cha bendera ya Ufaransa. Wafaransa walikuwa na mkataba wa biashara na Maskati tangu 1844, na mwaka 1862 wao na Waingereza waliahidiana kuheshimu uhuru wa Maskati na Unguja. Kwa hiyo Waingereza waliweza kumbana Sayyid Faisal, lakini Goguyer hawakuweza kumgusa.

Usiri ulianza baada ya bandari. Majahazi yalivuka usiku kwenda pwani ya Makrani, na huko misafara ya Waafghani ilikuwa ikingoja na ngamia wake. Bunduki zikapanda milima mpaka kwa makabila ya mpaka wa India, ambayo mwaka 1897 yalikuwa yamepigana na Waingereza vita vikubwa vya Tirah. Bunduki ya jeshi la Malkia, iliyouzwa kama kitu kisicho na kazi, ilikuwa ikirudi kuwapiga askari wa Malkia. Januari 1898 manowari ya Lapwing iliikamata shehena ya silaha ya kampuni ya Fracis, Times ndani ya meli iitwayo Baluchistan, kwa kutegemea tangazo la Sayyid Faisal. Kampuni ikamshitaki ofisa wa manowari, na kesi ikafika mpaka baraza la juu kabisa la sheria London, ambalo 1902 lilihukumu kwamba ofisa alifanya halali kwa kuwa mtawala wa maji yale alikuwa amempa ruhusa. Waingereza waliodai kwa miaka mingi kwamba Maskati inafuata ushauri wao walisimama mahakamani wakitegemea amri ya Sayyid!

Bei za huko mwisho wa njia zinaonesha ukubwa wa biashara hii kuliko hesabu yoyote ya makasha. Taarifa za Kiingereza za wakati ule zinasema kwamba mwaka 1906 Martini-Henry moja iliuzwa Tirah kwa kiasi cha rupia 500. Kwa kiwango cha rupia 15 kwa pauni moja, hizo ni pauni 33 na zaidi kwa bunduki ambayo jeshi lake liliiacha miaka kumi na minane nyuma. Mwaka 1908 bunduki hiyohiyo ilipatikana kwa rupia 130. Bei imeanguka kwa karibu robo tatu katika miaka miwili. Mafundi wa njia ya Kohat, waliokuwa wakiigiza bunduki za Kiingereza kwa tupa na nyundo, walikaribia kufunga maduka yao kwa sababu bunduki ya kweli kutoka Maskati ilikuwa imewashinda kwa urahisi.

Kwa Serikali ya India, rupia 130 ilikuwa habari mbaya kuliko vita. Kuanzia mwaka 1909 manowari zikaziba bahari ya Oman, zikasimamisha majahazi na kuyapekua moja baada ya jingine. Wenye majahazi wa Ghuba waliokuwa hawana hata kisu cha ziada walipata hasara. Desemba 1910 manowari Hyacinth iliteremsha askari Dubai kutafuta silaha, watu wakapigana mitaani, Waarabu 37 wakauawa pamoja na Waingereza watano. Sheikh Butti bin Suhail alitozwa rupia 50,000 na bunduki 400. Angalieni faini hiyo: nusu yake ni fedha, na nusu ni bunduki, kana kwamba ni sarafu mbili za nchi moja.

Mwishowe ufunguo ukageuzwa. Mwaka 1912 Sayyid Faisal alitoa amri kwamba silaha zote zinazoingia Maskati ziwekwe katika bohari moja la serikali, na zisitoke ila kwa hati. Ni bohari lilelile la mkataba wa Brussels, limehamia kaskazini miaka ishirini baadaye. Kwa fidia ya ushuru aliopoteza alipewa rupia 100,000 kwa mwaka. Ruzuku hii ya bunduki ilikuwa kubwa kuliko ile ya Unguja. Kwa hesabu za Serikali ya India, kuifunga bandari ya Maskati kulikuwa na thamani zaidi ya himaya yote ya Afrika aliyoiacha Sayyid Said. Goguyer alikuwa amefariki 1909. Ufaransa ililalamika kwa muda, wafanyabiashara wake wakalipwa fidia, na mwaka 1914 nayo ikaikubali amri.

Aliyesahauliwa katika hesabu hizi ni mtu wa ndani ya Oman. Kwake bunduki haikuwa biashara ya Makrani. Ilikuwa sehemu ya mavazi yake, dhamana ya shamba lake la mitende na falaji yake, na sauti yake katika kabila. Martini-Henry aliijua kwa jina la Sam'a, na risasi alizinunua Matrah alipopeleka tende. Baada ya 1912 alizikuta zimefungwa katika bohari ambalo, kwa macho yake, ufunguo wake anao Mwingereza. Mwezi Mei 1913 wanavyuoni na masheikh wakamchagua Imam Salim bin Rashid al-Kharusi, Sheikh Nur al-Din as-Salimi akiwa nguzo ya jambo lile, na baadaye Sheikh Isa bin Salih al-Harithi akaungana nao. Nizwa na Izki zikachukuliwa mwaka huohuo. Wako wanaoandika kwamba hiyo ilikuwa harakati ya dini tu, na wako wanaoandika kwamba ilikuwa hasira ya bunduki tu. Sisi tunaona kwamba mtu aliyenyang'anywa risasi zake kwa amri ya wageni hakuwa na haja ya kutenganisha mambo hayo mawili. Nchi ilibaki imegawika, pwani kwa Sultani na bara kwa Imam, na mapatano ya Sib ya 1920 yaliuandika mgawanyiko ambao bohari lilisaidia kuuleta.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza biashara haikurudia ukubwa ule. Unguja ya himaya ilikuwa nchi ya leseni na daftari. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 bunduki zilizoamua mambo hazikununuliwa sokoni. Zilichukuliwa kutoka bohari za polisi za Ziwani na Mtoni. Wengi wa wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa yaliyofuata.

Kwengineko bunduki za majeshi zilikuwa zimegeukia njia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya pili mabohari ya Ulaya yalimwagwa Marekani, yakauzwa kwa posta kwa wawindaji na wapenda silaha. Bunduki ya Kitaliano iliyomuua Rais Kennedy mwaka 1963 ilinunuliwa hivyo, kwa dola 19.95 pamoja na darubini yake. Mwaka 1968 sheria ya Marekani ikaifunga njia hiyo, na kilichokuwa kimeshaingia kikapanda bei. Katika miaka ya 1980 ikafunguliwa tena, na bei za aina nyingi zikashuka. Mwaka 2003 wafanyabiashara wa Kimarekani walinunua akiba kubwa ya silaha za kale kutoka jumba moja la Kathmandu, Nepal, zikiwamo Martini-Henry nyingi, na sasa Sam'a inauzwa kwa mtu anayetaka kuitundika ukutani Texas.

Oman, nayo, haijawahi kuiacha. Siku ya Ijumaa katika soko la Nizwa wazee bado hupitisha bunduki mkono kwa mkono, wakifungua na kufunga mtambo wake kwa kusikiliza mlio. Katika razha hurushwa juu na kudakwa. Iliyovishwa fedha, yenye jina la babu anayejulikana, haina bei ya soko. Bei yake hutajwa ili mnunuzi aondoke.

Familia nyingi zilizorejea Oman kutoka Afrika baada ya 1970, na nyingine zilizoko Uingereza na Ghuba, zinazo bunduki kama hizi, na kila moja ina hadithi kwamba babu aliipata vitani au alizawadiwa na Sultani. Huenda ni kweli. Lakini chuma chenyewe nacho kinasema. Tazameni ubavuni mwa Martini: taji na herufi V.R., jina Enfield na mwaka, ni alama za kiwanda cha jeshi la Uingereza. Pakiwa na mishale miwili mifupi iliyoelekeana ncha kwa ncha, hiyo ni alama ya kuuzwa nje ya jeshi, na bunduki hiyo ilipita katika biashara tuliyoieleza. Pakiwa na jina la mfanyabiashara wa Birmingham tu, ilitengenezwa mpya kwa soko. Herufi zikiwa zimepinda, au zimeandikwa kinyume, ni kazi ya mafundi wa Kohat, na maana yake ilivuka bahari ikirudi.

Tunawaomba wenye bunduki hizo watupigie picha za alama na kutuletea, pamoja na hati yoyote ya ununuzi, rehani au urithi iliyotaja bunduki kwa bei, iwe kwa riale au kwa rupia. Hati za mirathi ndizo tunazozitamani zaidi. Kadhi aliyegawa mali ya marehemu aliiandika bunduki pamoja na bei yake, baina ya shamba na vyombo vya nyumba, na katika hati za kabla ya 1897 aliwaandika katika karatasi hiyohiyo na watu.